Je, Wajua? Damu Inayoshuka kwa Mwavuli wa Karatasi

Je, wajua ni wapi duniani usafirishaji wa mizigo kwa ndege zisizo na rubani uligeuka mapema kuwa kazi ya kila siku? Ni Muhanga, mji wa vilimani ulio kilomita 50 hivi kutoka Kigali. Desemba 2013 Jeff Bezos wa Amazon alitokea kwenye televisheni ya Marekani akasema huduma hiyo ingewezekana baada ya miaka minne, mitano. Mteja wa kwanza wa Amazon alipokea mzigo wake kwa njia hiyo Desemba 2016, karibu na Cambridge, Uingereza: kifaa cha kuchomeka kwenye televisheni na mfuko wa bisi. Lakini tangu Oktoba mwaka huohuo, kampuni ya Zipline ilikuwa imeshaanza kurusha ndege zake Rwanda. Mzigo wake ulikuwa damu.

Kwa nini damu? Aliyewahi kukaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi usiku wa manane, akasikia wauguzi wakiulizana kama kundi fulani la damu lipo, hana haja ya kuelezwa. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, saa mbili ni muda mrefu mno. Tatizo ni kwamba hospitali ndogo haiwezi kujiwekea akiba ya kila kitu. Makundi ya damu ni manane ukihesabu chanya na hasi. Chembe nyekundu hudumu kama wiki sita kwenye jokofu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku chache tu, tena lazima zitikiswe muda wote. Ukiagiza nyingi zitaharibika. Ukiagiza chache, siku mgonjwa akija hazipo. Dawa yake ni kuiweka damu pamoja kwenye ghala moja kubwa na kuipeleka pale tu inapohitajika, ilimradi ifike haraka.

Na kweli imesaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulipitia maagizo zaidi ya 12,000 ya damu nchini Rwanda kati ya 2017 na 2019. Kwa wastani ndege ilifikisha mzigo ndani ya dakika 50 hivi, mapema kuliko gari kwa dakika 79 hadi 98. Lakini mimi takwimu iliyonigusa zaidi ni nyingine: baada ya mwaka mmoja, damu iliyokuwa ikiisha muda wake bila kutumika kwenye vituo vilivyoletewa damu kwa ndege ilipungua kwa asilimia 67. Nyuma ya kila mfuko yupo mtu aliyekunja mkono wa shati akakubali kuchomwa sindano. Kuumwaga ni hasara inayouma.

Je, wajua ndege hiyo hurushwa kwa manati? Ni manati ya umeme, reli ndefu iliyoinuliwa kuelekea angani. Mwili wa ndege ni wa povu gumu, jamaa wa lile la maboksi ya kubebea samaki, na mabawa yake yana upana wa zaidi ya mita 3. Wafanyakazi wanapachika betri, wanapachika bawa, mmoja anaikagua kwa kamera ya simu, kisha wanasogea pembeni. Kufumba na kufumbua imeshafika mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa na imevuka mti wa kwanza.

Kule hospitalini haitui. Mhudumu anapata ujumbe kwenye simu kwamba mzigo umekaribia, anatoka uani. Ndege inashuka chini, mlango wa tumboni unafunguka, na boksi linaanguka likining'inia kwenye mwavuli wa karatasi, kwenye eneo linalotosha magari mawili kuegesha. Ndani mna kilo zisizofika mbili. Ndege imeshageuka kurudi Muhanga, na huko nako haina uwanja wa kutua. Mkiani ina kijikulabu. Inapita kati ya nguzo mbili zilizotandazwa waya, kulabu inanasa, na chombo kilichokuwa kinakwenda kasi kinabaki kikibembea hewani kama popo mchana. Wanakishusha, wanabadilisha betri, kinasubiri safari nyingine. Kenya nako ghala la namna hii lipo Chemelil, kaunti ya Kisumu.

Je, wajua kunguru waliwahi kusimamisha biashara hii? Septemba 2021, mjini Canberra, Australia, ndege za kampuni ya Wing zilikuwa zikipelekea watu kahawa na chakula wakati wa karantini ya korona. Ulikuwa msimu wa kunguru kutaga, na mmoja akaivamia ndege ikiwa hewani na mzigo wake. Kampuni ikasitisha safari katika eneo hilo ili ndege wenye manyoya walee makinda yao kwa amani. Uamuzi mzuri.

Tanzania nayo imo katika historia hii, na si wengi wanaoizungumzia. Mwaka 2018 kampuni ya DHL, pamoja na Wingcopter na shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ, walifanya majaribio ya miezi sita katika Ziwa Victoria, kupeleka dawa kisiwani Ukerewe. Kwa barabara na pantoni ni kilomita 240 na saa sita. Ndege ilikata ziwa kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, ikiwa na uwezo wa kubeba kilo 4. Halafu kuna jambo ambalo ndege za mwanzoni za Muhanga hazikuliweza: hii ilipaa wima na kutua wima. Kwa hiyo baada ya kushusha dawa haikurudi tupu. Iliweza kupakia sampuli za damu za wagonjwa wa kisiwani na kuzivusha siku hiyohiyo hadi maabara ya bara.