Miwani kwa Wachambua Kahawa

Kwenye miteremko ya Rwenzori, kuanzia Kasese hadi Bwera, kahawa ya arabika ikishaanikwa ikakauka huchambuliwa kwa mkono, buni moja moja, na wengi wa wachambuaji ni wanawake. Buni iliyotobolewa na mdudu ina kitundu cha milimita moja hivi. Mama wa miaka 50 huisogeza mbali na uso, huigeuzageuza juani, na kitundu kinampita. Watu husema kazi imemchosha macho. Kazi haina kosa: hata asingegusa buni maisha yake yote, macho yake yangefika hapo hapo.

Chanzo kimo ndani ya lenzi iliyo nyuma ya mboni. Ngozi hujibandua na nywele hudondoka, ila lenzi haitupi chochote. Nyuzi mpya hutandwa juu ya zile kuukuu mwaka hadi mwaka, na zile za kiini chake ndizo tulizoumbwa nazo tumboni mwa mama. Wala haina mshipa wa damu, hivyo protini zilizochakaa husalia humo humo. Utotoni lenzi ni laini. Msuli unaoizunguka ukikaza, lenzi hutuna, na mtoto huona bayana kitu kilicho sentimita 10 tu kutoka usoni. Ulaini huo hupungua kidogo kidogo tangu ujana, pasipo mtu kuhisi, mpaka miaka ya 40 na kitu.

Miwani ya kuonea karibu hufidia upungufu huo, lakini wapo wanaoshikilia kwamba hudhoofisha macho, kwa kuwa aliyeanza na namba +1 baada ya miaka hutaka +2. Waliyoyaona ni kweli, sababu wanayoitaja siyo: lenzi ingezidi kuwa ngumu hata miwani ikifungiwa sandukuni. Wengine humtaja mzee aliyeiweka miwani kando akaweza kusoma tena. Huyo apelekwe akapimwe upesi, maana mara nyingi kiini cha lenzi kimeanza kuingia mtoto wa jicho, kinapinda mwanga zaidi, na karibu panaonekana vizuri kwa muda huku mbali pakififia. Lenzi ikishakuwa na ukungu, dawa yake ni upasuaji.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni kwamba miwani ni ya wasomi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihusu wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi: tija ya waliopewa miwani ya kuonea karibu ilipanda kuliko ya wenzao kwa takriban asilimia 22. Kuchambua buni kunadai macho vilevile. Vyama vya ushirika vinavyowanunulia wanachama vichanja na mizani viingize miwani katika bajeti hiyo hiyo, na wachambuaji wapimwe macho kabla ya msimu, kwani miwani ya kujichagulia sokoni Mpondwe humsaidia mtu kuona karibu, lakini haiwezi kumwambia kama ana presha ya macho.