"Masanga": Kuisikiliza Upya Santuri ya 1952

Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akanasa sauti ya kijana wa Bunkeya aliyeimba huku akijipigia gita. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, na wimbo uliomtangaza mbali ni "Masanga". Kidole gumba kinashika nyuzi nzito, cha shahada kinatembea kwenye nyuzi nyembamba. Asiyeujua hudhani wapigaji ni wawili.

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu kazi ya kuyaandika maneno ya wimbo huu. Kila mwaka madaftari hurudi yamejaa alama nyekundu walizozitia wenyewe: hapa upatanisho umevunjika, pale sentensi haifuatani na mwenzake. Wanamsahihisha Mwenda kama vile alikuwa akifanya mtihani!

Kosa lao ni la aina mbili. La kwanza ni la kilugha. Kiswahili cha Katanga kina kanuni zake. Kiambishi ka- cha udogo na wingi wake tu- (kanyumba, tunyumba) havikutokana na uzembe. Ndivyo zisemavyo lugha tunazopakana nazo. Kukipima kwa sarufi ya Unguja ni kupima maji kwa kipimo cha nguo.

La pili ni zito zaidi, nami mwenyewe nimelifanya kwa miaka kadhaa. Tunaichukulia santuri kuwa ndiyo matini yenyewe. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba takriban dakika tatu tu. Mwimbaji alikatizwa na chombo. Zaidi ya hayo, David Rycroft aliyechambua upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, alionyesha jinsi gita lake lilivyokuwa likibuni papo hapo. Ikiwa vidole havikurudia njia ileile, kwa nini tutarajie ulimi urudie? Mtafiti wa fasihi simulizi asingethubutu kuliita simulizi moja la bibi mmoja "hadithi kamili". Mbele ya mashine ya kunasia sauti tunasahau tahadhari hiyo.

Mwenda aliendelea kupiga muda mrefu: mwaka 1969 alialikwa Newport, Marekani, na mwaka 1988 alirekodi tena huko Cape Town, miaka miwili kabla ya kifo chake. Kwa hiyo safari hii nimewapa wanafunzi rekodi mbili badala ya moja. Wino mwekundu nimeupiga marufuku. Waandike kwanza kile kinachobadilika.