Kocha wa Tenisi wa Chuo Anafanya Kazi Gani Hasa?

Mzee wangu aliposikia nimekubali kusimamia timu ya tenisi ya chuo aliuliza swali moja tu kwenye simu: "Mwanangu, hiyo nayo ni kazi?" Nikacheka. Nikamwambia si kazi, ni kujitolea. Kocha wetu amehamia mkoa mwingine na mimi ndiye niliyecheza pale miaka mingi kuliko wenzangu. Lakini swali lile halikunitoka. Nikaanza kusoma habari za watu walioifanya kazi hiyo maisha yao yote, nikagundua nilikuwa sielewi kitu. Nilidhani kocha ni mtu wa kurusha mipira na kupiga kelele "kunja magoti!"

Mahali ambapo kazi hii ina mshahara, ofisi na foleni ya wanaoitaka ni Marekani. Ukitaka kuielewa, anza na Dick Gould wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Huyu bwana alisoma hapohapo, akaenda kufundisha sekondari na baadaye chuo cha miaka miwili cha Foothill, kisha mwaka 1966 akarudi kuwa kocha wa timu ya wanaume. Stanford wakati ule ilisifika kwa vitabu. Ubingwa wa timu wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, ilikuwa haijauonja. Mara nyingi kombe lilikuwa linazunguka kati ya UCLA na USC, vyuo vya kule Los Angeles.

Gould hakulipata mwaka wa kwanza. Wala wa pili, wala wa tano. Alimsajili Roscoe Tanner, kijana wa Tennessee mwenye sevu ya kutisha, aliyefika fainali ya mchezaji mmoja mmoja mwaka 1970 na tena 1971, akafungwa zote mbili. Tanner akamaliza, akaenda kucheza kwa kulipwa. Mwaka uliofuata, 1973, Stanford ikachukua kombe. Yaani aliyelijenga jengo hakulala humo hata usiku mmoja. Gould alipoacha ukocha mwaka 2004 alikuwa na makombe 17.

Siri yake niliitafuta kwenye mazoezi, kumbe nilikuwa natafuta pasipo. Sehemu kubwa ya kazi ni kutafuta watu, kwa sababu watu hawakai. Kocha wa klabu akipata nyota anaomba Mungu asiondoke. Kocha wa chuo anaijua tarehe ya kuagana tangu siku ya kukaribishana. Na walio bora ndio huondoka mapema. John McEnroe aliingia Stanford akiwa ameshafika nusu fainali ya Wimbledon ya 1977 akiwa na miaka 18. Alicheza msimu mmoja, akatwaa ubingwa wake binafsi na wa timu mwaka 1978, akaaga. Mapacha Bob na Mike Bryan walikaa miaka miwili. Ukimaliza kusherehekea na hao, unarudi kuandika barua, kupiga simu na kukaa sebuleni kwa wazazi ukiwashawishi wakupe mtoto wao.

Halafu kuna hesabu. Kwa miaka mingi, mpaka sheria zilipobadilika mwaka 2025, timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili wa masomo wa watu wanne na nusu, basi, wakati mechi inahitaji wachezaji sita na kikosi kina wanane au zaidi. (Wanawake waliruhusiwa wanane kamili.) Kwa hiyo kocha anakata ule ufadhili kama mama anavyogawa nyama: huyu nusu, huyu robo, huyu hakuna kitu ila jezi. Sisi tunaosubiri bumu tunajua robo ya ada maana yake nini nyumbani.

Kutafuta huko kunafika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyeshinda Wimbledon ya vijana ya wawili wawili mwaka 2022, alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama.

Siku ya mechi nayo ina mambo yake. Pointi ni saba: sita za mmoja mmoja, na moja inayotokana na mechi tatu za wawili wawili. Anayefika nne ameshinda. Kocha anaruhusiwa kuingia uwanjani na kuzungumza na mchezaji katikati ya mechi, jambo ambalo tenisi ya kulipwa ililikataa kwa miaka mingi sana. Ila lazima awapange wachezaji kwa uwezo, wa kwanza hadi wa sita. Kumficha mkali wako chini ili ajiokotee pointi ni kosa. Kwa hiyo orodha ile ni hukumu. Kila mtu anaisoma na kujua kocha anamwonaje.

Na kazi yenyewe haina uhakika. Mwaka 2020, korona ilipobana bajeti, vyuo vikubwa kama Iowa na Minnesota vilitangaza kuzifuta timu zao za tenisi za wanaume. Unaweza kuwa kocha mzuri na bado ukaamka huna timu.

Mimi sina ufadhili wa kugawa. Nina uwanja mmoja wenye ufa, raketi tisa, na mwezi uliopita nilikuwa na nafasi sita kwenye basi la kwenda mashindano ya vyuo. Wa saba ni mwenzangu wa chumba, mtu aliyenifundisha bekihendi mwaka wa kwanza. Niliwachezesha mechi za mchujo siku mbili, akashindwa kwa mdogo wa mwaka wa kwanza, 6–4, 6–4. Usiku nikabandika orodha mlangoni kwa chumba cha michezo badala ya kumwambia uso kwa uso, na hilo kosa ni langu.

Tulirudi na medali moja. Ananisalimia, ila raketi yake bado iko juu ya kabati. Nimempigia mzee kumjibu lile swali lake, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na yule rafiki yako umeshaongea naye?"

Jumamosi nitaongea naye.