Bunduki ya rangi inayotumia umeme tuli

Kisiwani Pemba, upepo wa chumvi haubagui. Mageti ya Chake Chake, pikipiki za Wete na vyuma vya bandarini Mkoani vyote huliwa na kutu pale rangi inapobanduka. Kwa kompresa na bunduki ya kawaida, rangi nyingi hupeperuka, ikaishia sakafuni na vifuani mwa watu.

Viwanda vya magari vina dawa ya upotevu huo: umeme tuli, njia iliyoendelezwa na Harold Ransburg wa Indianapolis, Marekani.

Hewa yenye shinikizo huipasua rangi kuwa matone madogo mno. Mdomoni mwa bunduki kuna ncha ya waya yenye makumi ya maelfu ya volti, ingawa mkondo wake ni mdogo sana. Matone hupata chaji hasi. Chuma kinachopakwa kimeunganishwa na ardhi, hivyo huyavuta, hata yaliyokwisha kukipita: hugeuka na kutua upande wa nyuma. Bomba la duara hupata rangi karibu pande zote kwa mpulizo wa upande mmoja!

Bunduki ya kiotomatiki haina kifyatuo. Hufungwa kwenye mkono wa roboti. Hewa husukuma pistoni, vali inafunguka, rangi inatoka.

Ethi, yaani huko kuunganishwa na ardhi, ndiyo roho ya kazi. Ndoano ya kuning'inizia chuma ikigandwa na rangi kavu, chaji hukosa njia na cheche yaweza kuwasha mvuke wa thina. Mbao kavu za dau, kwa kuwa hazipitishi umeme vizuri, huhitaji kwanza rangi ya chini inayoupitisha.