Gari ya nje au ya nyumbani: ipi haikuachi njiani Mbagala?

Wadau, kuna ubishi hauishi vijiweni, kuanzia Tegeta mpaka Mbagala Rangi Tatu. Mmoja anasema Mjapani ndiye mwisho wa mambo, Mchina takataka. Mwingine anasema Mzungu ndiye anayejua chuma. Wa tatu anauliza, hivi sisi tutaunda lini gari yetu wenyewe tukaachana na hawa wote?

Ubishi mtamu, lakini kuna watu wanauingia wakiwa na hela mkononi. Mstaafu wa Temeke kapata kiinua mgongo, anataka Hiace ya daladala. Akina mama wa vikoba Bunju wanataka Canter ya kubeba mchanga na tofali. Hao wakikosea, hesabu haiji, na mkopo hausubiri. Kwa hiyo leo tulichambue hili jambo taratibu.

Gari ya nyumbani ni ipi hasa?

Tuanze na wa nyumbani. Pale Kibaha, mkoa wa Pwani, kuna Kituo cha Teknolojia ya Magari Tanzania, ambacho wengi tunakiita Nyumbu. Kiko chini ya jeshi. Miaka ya 1980 kilitoa lori lake lenyewe, lori la kazi, halina mapambo. Tatizo ni kwamba halikuwahi kutengenezwa kwa wingi. Na gari isiyo nyingi barabarani haina spea dukani, haina fundi mtaani. Hata iwe ngumu kama jiwe, siku ikikatika kitu unairudisha kulekule ilikozaliwa.

Wakenya nao walijaribu. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari, na mwaka 1990 ikazinduliwa ikiitwa Nyayo Pioneer. Ziliundwa chache za mfano, habari ikaishia hapo.

Aina ya pili ya gari ya nyumbani ni ile ya kuunganishwa. Zamani TAMCO ya Kibaha ilikuwa inaunganisha malori ya Scania. Siku hizi GF, hukohuko Kibaha, wanaunganisha malori ya FAW ya Kichina. Kuunganisha maana yake injini, giaboksi, chasisi na kichwa vinakuja kwenye makasha, vinafungwa hapa. Ajira zinabaki nyumbani, hilo jema. Lakini ukiuliza uimara wa injini, unauliza habari za China au Sweden, si za Kibaha. Kenya wamekwenda mbali zaidi kwa njia hii. Isuzu East Africa, ambayo mpaka 2017 iliitwa General Motors East Africa, inaunganisha malori na mabasi Nairobi. Yanadumu sokoni kwa sababu spea na huduma zipo jirani.

Tunakumbuka UDA?

Wanaosema gari ya nje ndiyo ya kutegemewa, wakumbuke UDA. Shirika lilianzishwa 1974, likawa na mabasi ya nje matupu. Ikarus zile ndefu za kuunga kutoka Hungaria, wenyewe tulizibatiza kumbakumba. Yalikuwa mabasi ya maana. Yaliyoyaua si uzungu wake wala barabara peke yake. Mwisho wa miaka ya 1970 nchi iliishiwa fedha za kigeni: bei ya mafuta ilipanda, kahawa ikashuka, na vita ya Uganda ya 1978 na 1979 ikala hazina. Basi likikosa pampu au bushi linapaki. Likishapaki, linachomolewa vifaa kutibu jingine. Vituoni watu wakawa wanalala. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, na ndipo daladala zikapata uhalali.

Funzo ni moja: gari haiwi ya kutegemewa kwa sababu ya pasipoti yake. Ya kutegemewa ni ile ikiharibika asubuhi, jioni iko barabarani.

Kwa nini Mjapani alishinda?

Wengi tunajibu "Toyota ngumu". Ni kweli, ila kuna sababu nyingine tunazisahau. Kwanza, Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Gari inashuka bandarini na kuingia barabarani bila kubadilishwa kitu. Pili, sheria yao inataka gari binafsi ikaguliwe baada ya miaka 3 ya kwanza, halafu kila baada ya miaka 2. Ukaguzi na matengenezo yake ni ghali, kwa hiyo wengi wanaona bora wauze gari ikiwa bado nzima. Mtumba wao ndio mpya wetu.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, zilikuja nyingi zenye injini zilezile. Injini ya 3L au 5L ya Hiace, 5A ya Corolla, 4D33 ya Canter, fundi wa Tandika anaifungua huku anapiga stori. Spea zake zimejaa Kariakoo na Gerezani, mpya, feki na za mtumba. Wingi unazaa spea, spea zinazaa mafundi, mafundi wanazaa wanunuzi zaidi.

Ndiyo maana hata Bajaj ya Mhindi imeteka Goba na Chamazi. Haina ufahari wowote, lakini kebo ikikatika unaipata dukani mtaani kwako.

Toyota ileile, matokeo tofauti

Sasa msidhani kila chenye nembo ya Toyota kimepona. Mnakumbuka uchakachuaji? Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, wajanja wakawa wanayachanganya kwenye dizeli na petroli. EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya mchezo huo ife. Katika kipindi kile injini za D4 zilipata jina baya mjini. D4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa nguvu kubwa, pampu na nozeli zake hazitaki uchafu. Kwa mafuta safi ya Japani haina shida. Kwa petroli iliyochakachuliwa, kilio. Corolla ya zamani ilikuwa inakohoa kidogo inaendelea na safari.

Kuna na hili la kuchemsha. Gari ikichemsha, mafundi wengi wanachomoa thermostati wanatupa. Halafu rejeta inajazwa maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Thermostati kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto linalotakiwa na kuibakiza hapo. Ukiitoa, injini inakaa ya baridi kupita kiasi, inakula mafuta na kuota masizi. Maji ya chumvi nayo yanakula rejeta na pampu ya maji taratibu. Miaka miwili baadaye kichwa cha injini kimepinda, tajiri analaani Mjapani. Mjapani kakosa nini?

Hata gari mpya kabisa haikwepi mazingira. Mabasi ya mwendokasi, Golden Dragon kutoka China, yalianza kazi Mei 2016 yakiwa mapya. Karakana yao ikawa Jangwani, bondeni. Mvua za 2018 maji yakaingia karakanani na mabasi yakaharibika. Hapo ulaumu kiwanda au ulaumu bonde?

Na malori je?

Kwenye malori hesabu inabadilika kidogo. Scania ya mtumba ina sifa ya kukaa, lakini spea halisi bei yake inauma. Howo na FAW ni rahisi kununua na spea zake rahisi. Na huyo Mchina anayedharauliwa, injini yake maarufu ya WD615 ina asili ya Steyr ya Austria, waliuziwa leseni miaka ya 1980. Tatizo kubwa la malori yetu ni uzito. Tipa la tani 15 linapakiwa mchanga mpaka linalia, halafu springi na ekseli zikikatika tunasema "mali ya Kichina". Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka mwisho wa tani 56 kwa lori na mzigo wake, hata liwe na ekseli nyingi vipi, na hapa ilianza kutumika Machi 2019. Mizani hailindi lami peke yake, inalinda na lori lako.

Kabla hujatoa hela

Nenda kwanza Gerezani na jina la injini, si jina la gari. Uliza bei ya kichwa cha injini, pampu na giaboksi. Ukiambiwa "mpaka tuagize", jua kila wiki ya kusubiri ni wiki bila hesabu.

Tafuta mafundi watatu wa mtaani kwako, si wa mjini, wanaoijua injini hiyo. Ukimpata mmoja tu, huyo atakuwa bosi wako.

Kilomita kwenye dashibodi usiziamini peke yake, zinarudishwa nyuma kirahisi. Tazama pedali, usukani na kiti cha dereva vimelika kiasi gani.

Piga na kodi mapema. Gari ndogo ikifikisha miaka 8 inaongezewa ushuru wa uchakavu, na ikipita 10 unapanda zaidi. Bei ya kwenye mtandao siyo bei ya kufika Mbagala.

Na kila mwezi weka pembeni fungu la matengenezo kabla ya kugusa faida. Kulanti, oili sahihi ya giaboksi, chujio. Mambo madogo haya ndiyo yanayoamua kama Mjapani, Mchina au Mkibaha atakuachia watoto waende shule.

Kwa hiyo siku gari yetu wenyewe itakapotoka, tusiulize kwanza inakimbia kiasi gani. Tuulize spea zake zitauzwa duka gani hapa Tandika. Wenye daladala na malori, semeni: mnatumia nini, na mara ya mwisho ilikaa gereji siku ngapi?