Kijiji cha Java: Mpunga Mwingi, Shamba Dogo

Wasikilizaji wapenzi, wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Juma hili tutazame mahali ambapo wakulima wenyewe ndio wengi, na kinachopungua ni ardhi. Mahali hapo ni kisiwa cha Java, nchini Indonesia.

Java ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 130,000, yaani kama sehemu moja ya saba ya Tanzania. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 150 kisiwani humo. Tangu zamani wamelishwa na udongo wenye rutuba wa milima ya volkano, na maji yanayoteremka kwa mifereji hadi kwenye majaruba ya mpunga. Kijiji cha kawaida kimezungukwa na majaruba hayo, na nyumba zimesongamana chini ya minazi na migomba ili makazi yasile shamba. Mpunga huvunwa mara mbili kwa mwaka, na penye maji ya kutosha mara tatu.

Ukipita barabarani utasema hii ni neema tupu. Lakini fanya hesabu. Mzee ana nusu hekta, kama eka moja na robo hivi. Akifariki, watoto wanne wanagawana, na kila mmoja anabaki na chini ya theluthi moja ya eka. Hapo hakuna wa kuishi kwa jembe peke yake. Katika Indonesia nzima, sensa ya kilimo ya mwaka 2013 ilikuta kaya zaidi ya milioni 14 zenye shamba lisilofika nusu hekta. Sensa ya mwaka 2023 ikakuta zimekaribia milioni 17. Wapo pia wasio na jaruba hata moja. Hao hulima shamba la mwenzao kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu, au hufanya vibarua.

Zamani, asiye na shamba alikuwa na siku yake, nayo ni siku ya mavuno. Wanawake wa kijiji waliingia jarubani wakiwa na kijisu kidogo kilichofichwa kiganjani, wakakata suke moja moja. Mwenye shamba hakuwa na desturi ya kuwafukuza, na kila mvunaji aliondoka na fungu lake la mpunga. Baadaye wanawake hao hao walitwanga mpunga kwenye kinu, wakalipwa mchele.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuja mbegu mpya za mpunga mfupi, unaokomaa kwa miezi minne hivi badala ya mitano au zaidi. Zilifuatana na mbolea ya chumvichumvi, dawa za wadudu na mikopo ya serikali. Mavuno yakapanda, hata Indonesia, ambayo katika miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa waagizaji wakubwa wa mchele duniani, ikajitosheleza mwaka 1984. Hilo ni jambo kubwa, na tusilidharau.

Lakini mpunga mfupi hukatwa kwa mundu, na mundu unahitaji watu wachache. Wenye mashamba wakaanza kuuza mpunga ungali shambani kwa mfanyabiashara anayekuja na wavunaji wake mwenyewe. Mashine za kukoboa nazo zikaondoa vinu. Magunia yakaongezeka, huku milango ya maskini kuyafikia ikifungwa mmoja baada ya mwingine.

Kwa nini wasio na ardhi hawakupaza sauti? Waliipaza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 iliwaahidi mgawo, na baadhi yao wakajaribu kuuchukua. Ikaja miaka ya 1965 na 1966, watu mamia ya maelfu wakauawa kwa kuitwa wakomunisti, wengi wao katika vijiji vya Java na Bali. Baada ya hapo, kudai shamba ilikuwa kuhatarisha maisha.

Lipo pia fundisho la wadudu. Dawa zilizotolewa kwa ruzuku ziliua buibui, ambao ndio walaji wa mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mpunga. Kadiri watu walivyopulizia dawa, ndivyo mdudu huyo alivyozidi. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Kuanzia mwaka 1989 wakulima wakakusanywa jarubani kila juma, wahesabu wadudu na kuamua wenyewe la kufanya. Mtindo huo ulifika magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, na baadaye Uganda na Tanzania. Sisi tunauita shamba darasa. Shule hiyo tuliletewa kutoka majaruba ya Asia.

Na leo je? Vijana wanaondoka. Wavulana wanajenga maghorofa Jakarta, wasichana wanashona nguo viwandani. Wanawake wengi wamekwenda kufanya kazi za nyumbani Malaysia, Hong Kong, Taiwan na Arabuni. Nyumba ya matofali yenye sakafu ya marumaru mara nyingi imejengwa kwa fedha hizo, na ndani yake bibi analea wajukuu. Wanaobaki shambani wengi ni watu wazima, na hata hilo shamba linaandamwa na viwanda na barabara. Aprili mwaka 2016 wanawake tisa wakulima kutoka milima ya Kendeng walikaa mbele ya ikulu ya Jakarta, miguu yao imemiminiwa saruji, kupinga kiwanda cha saruji katika ardhi yao.

Tumaini lipo. Kwa sheria ya mwaka 2014, kila kijiji hupata fungu lake kutoka bajeti ya taifa. Mwaka 2015 zilitolewa rupia zaidi ya trilioni 20 kwa vijiji zaidi ya 74,000, na kufikia mwaka 2019 zilikuwa kama trilioni 70. Zimejenga barabara, mifereji na miradi ya kijiji. Vijiji vingi hubandika bango la mapato na matumizi mbele ya ofisi, kila mtu asome. Wakuu wa vijiji kadhaa wameishia gerezani kwa kuzila. Lakini fedha hizo, hata zikitumiwa vizuri, haziongezi jaruba.

Basi wasikilizaji, mtu akituambia kwamba mbegu mpya na mbolea vitamaliza umaskini wa vijijini, tumsikilize, maana Java walishiba kweli. Kisha tumwulize: shamba ni la nani, na siku ya mavuno nani ataitwa? Hadi juma lijalo, kwaherini.