Maganda ya Mayai ni Chokaa ya Bustani

Wakulima wa miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Manyatta na Runyenjes katika Embu, na kuvuka mto Thuci hadi Chuka, Chogoria na Nkubu, wana udongo mwekundu wenye kina kirefu ambao wageni wengi huusifu. Udongo huo ulitokana na mawe ya volkano, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba hauwezi kuchoka. Lakini mvua nyingi inyeshayo huko imeuosha kwa miaka isiyohesabika, na kitu kimojawapo kilichochukuliwa na maji ni chokaa. Udongo uliopungukiwa na chokaa hupata uchachu, yaani asidi. Tena mbolea za dukani zenye amonia, kama DAP, zikitiwa kila msimu pasipo kitu kingine, huuzidisha uchachu huo.

Ubaya wake hauonekani upesi. Madini ya alumini yaliyomo udongoni huyeyuka na kudhuru mizizi, ikawa mifupi na minene. Nayo fosforasi hushikwa na udongo hata mmea usiweze kuipata. Basi mama wa nyumbani hutia samadi, hunyunyiza maji, hupalilia, na bado sukumawiki yake hudumaa. Hulaumu mbegu, au hulaumu duka lililomwuzia mbolea, hali ugonjwa uko chini ya miguu yake.

Ganda la yai ni chokaa karibu tupu. Katika sehemu 100 za ganda, sehemu zipatazo 95 ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichomo katika mawe ya chokaa yachimbwayo Koru, upande wa Kisumu. Kwa hiyo wale wanaoweka akiba ya maganda yao hawafanyi upuzi. Ila yafaa wajue ni msaada wa kiasi gani watakaoupata.

Hesabu yake ni hii. Ganda moja la yai la kuku lina uzito wa gramu 5 hivi. Kwa hiyo kilo moja yataka maganda 200. Nyumba inayokula mayai 10 kwa juma itapata kilo 2 na nusu hivi kwa mwaka. Udongo wenye uchachu mwingi aghalabu huhitaji chokaa tani 2 kwa hekta moja, yaani gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Basi maganda ya mwaka mzima yatatosha tuta moja lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Tuta la mboga kando ya jiko laweza kutengenezwa hivyo, lakini si shamba la mahindi. Ekari moja ingetaka maganda 160,000, na hakuna nyumba Meru wala Embu iwezayo kula mayai kiasi hicho. Mwenye shamba hana budi kununua chokaa kwa magunia.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kusaga. Ganda livunjwalo kwa mkono na kutupwa mbogani hukaa pale pale msimu baada ya msimu. Majaribio yaliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, yalionyesha kwamba maganda yaliyosagwa laini hufanya kazi vizuri kama chokaa, bali yale yaliyopondwa kwa mkono tu hayakuwa na faida kubwa kuliko kutotia kitu. Anayetaka ushahidi wa karibu na afikiri juu ya pango la Enkapune ya Muto, katika Bonde la Ufa karibu na Naivasha, ambamo wachimbuzi walipata shanga zilizotengenezwa kwa ganda la yai la mbuni, zenye umri wa miaka 40,000 hivi. Ni kweli kwamba pango ni pakavu na ganda la mbuni ni nene. Lakini kitu kiwezacho kungoja muda huo hakitaharakishwa na mvua za masika mamoja.

Maganda, basi, yaoshwe, yaanikwe juani hata yakauke kabisa, kisha yatwangwe katika kinu na kuchungwa kwa chekecheo la unga. Yale yasiyopita yarudishwe kinuni. Unga wake uwekwe katika mkebe wenye kifuniko mpaka utoshe tuta. Usimwagwe juu ya udongo tu. Uchanganywe kwa jembe hata kina cha sentimita 15, majuma kadhaa kabla ya kupanda. Kwa nchi ya Embu na Meru, maana yake ni Februari, kabla ya mvua ndefu, au Septemba, kabla ya zile za Oktoba. Samadi itiwe kama kawaida, kwa kuwa chokaa si chakula kamili cha mmea. Jivu la kuni pia hupunguza uchachu, tena kwa haraka kuliko maganda, na nyumba ipikayo kwa kuni inalo bure. Lakini litiwe kidogo kidogo, maana likizidi huunguza miche.

Si kila mahali panapofaa chokaa. Chai hupenda uchachu, hivyo wale wanaopeleka majani yao katika viwanda vya Mungania na Imenti wasitie maganda kwenye michai. Viazi vya Kizungu vilevile hushikwa na ukurutu wa ganda udongo unapozidi chokaa. Huko chini Mbeere, pande za Siakago na Kiritiri, mvua ni chache na chokaa haikuoshwa sana. Mkulima wa huko apime udongo kwanza. Bwana Shamba aweza kumwonyesha namna ya kuuchukua na kuupeleka kupimwa katika maabara ya Kabete.

Wako wasemao kwamba maganda yakizungushwa miche huzuia konokono. Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilijaribu jambo hilo mwaka 2018, na konokono walikula kama kawaida. Wengine huyatia kwenye nyanya zinazooza kitako. Maradhi hayo kweli ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, lakini mara nyingi husababishwa na maji ya kubahatisha, leo mengi na kesho hakuna, na ganda haliwezi kulitengeneza hilo katika msimu ule ule.

Mwenye kuku wa mayai huenda akaona afadhali kuwapa wao kwanza, maana kuku hutumia chokaa nyingi kila atagapo. Maganda yakaangwe motoni kwanza ili vijidudu vya maradhi vife, kisha yavunjwe mpaka yasifanane na yai tena, kuku wasije wakajifunza kula mayai yao wenyewe kiotani.